Maisha ya Samuel Johnson, Mtu wa Huzuni Aliyeacha Mvinyo

Ndani ya kanisa kubwa la Westminster Abbey, mjini London, walimozikwa wafalme na watu wakuu wa Uingereza, lipo jiwe lenye jina la Samuel Johnson. Wasomaji wetu wengine wamelisikia jina hilo shuleni, maana ndiye aliyetunga kamusi ya Kiingereza iliyotegemewa na watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini leo hatutaki kusimulia habari za kamusi tu. Twataka kusimulia habari za mtu aliyekaa na ugonjwa wa huzuni tangu ujana hata uzee, na jinsi alivyotambua kwamba kikombe alichokikimbilia katika huzuni yake hakikuwa rafiki. Tumechagua habari hizi kwa sababu katika nyumba nyingi tuingiazo twakuta huzuni na pombe zimeketi pamoja, wala wenye nyumba hawajui ipi iliyotangulia kuingia na ipi iliyomkaribisha mwenziwe.

Samuel Johnson alizaliwa katika mji wa Lichfield, nchi ya Uingereza, tarehe 18 Septemba 1709. Babaye, Michael, alikuwa mwuza vitabu. Mamaye aliitwa Sarah. Mtoto alizaliwa dhaifu, na mapema akapatwa na ugonjwa wa tezi za shingo uliomharibu uso na macho, hata jicho moja likawa karibu kutoona. Siku zile watu waliamini kwamba mkono wa mfalme au malkia waweza kuponya ugonjwa huo. Basi mwaka 1712 mamaye akamchukua mpaka London aguswe na Malkia Anne. Hakupona, lakini kipande cha dhahabu alichovikwa shingoni siku ile alikivaa maisha yake yote.

Alikua akawa mtu mkubwa wa mwili, mwenye nguvu, mwenye makovu, na mwenye viungo vilivyotikisika bila yeye kupenda. Watu waliomwona mara ya kwanza walidhani ni mpungufu wa akili, mpaka alipofungua kinywa wakastaajabu. Katika duka la babaye alisoma vitabu vya kila namna. Tena, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alirithi kwa baba yake kitu kingine kisichouzwa dukani, nacho ni moyo mwepesi wa kuingiwa na giza.

Mwaka 1728 alikwenda kusoma katika Chuo cha Pembroke, Oxford. Alikuwa maskini mno. Viatu vyake vilipasuka hata vidole vikaonekana, na mtu mmoja mwenye huruma akamwekea viatu vipya mlangoni kwa siri. Johnson alipoviona alivitupa kwa hasira, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuhurumiwa. Baada ya miezi kama 13 fedha zilikwisha, akarudi nyumbani bila cheti cho chote.

Hapo ndipo giza lilipomwangukia mara ya kwanza kwa nguvu zote. Alikuwa kijana wa miaka 20. Alikaa akiitazama saa ya mnara wa mji asiweze kuisoma. Hakuwa na nguvu za kuamka wala sababu ya kulala, akaogopa kwamba akili zake zitamtoka. Matabibu wa leo huuita ugonjwa huu sonona, nao wajua kwamba si uvivu wala ukosefu wa imani, bali ni ugonjwa kama mwingine, ushikao akili, usingizi, chakula na mapenzi ya kuishi. Johnson hakuwa na wa kumweleza hayo. Alijaribu kuushinda kwa miguu, akitembea toka Lichfield mpaka Birmingham, mwendo wa maili kama 16, kisha akarudi kwa miguu vile vile.

Jambo moja la siku zile lapasa kukumbukwa na sisi wachungaji na wazee wa kanisa. Johnson aliandika habari zote za ugonjwa wake kwa Kilatini, akampelekea tabibu aliyekuwa mdhamini wake wa ubatizo, Dakta Swynfen. Tabibu yule alistaajabia uzuri wa maandiko, na kwa kujivunia akili za kijana wake akawaonyesha watu wengine. Hakutaka kumdhuru. Lakini Johnson alipopata habari aliumia sana, wala moyo wake haukurudi kwa mtu yule kama zamani. Mgonjwa wa moyo akikukabidhi siri yake amekukabidhi kitu kizito kuliko fedha; ukiionyesha kwa watu, hata kwa kusifu, huenda asimfungulie mtu tena.

Babaye alikufa mwaka 1731. Kabla ya kufa, alipokuwa mgonjwa, alimwomba mwanawe aende badala yake kuuza vitabu katika soko la Uttoxeter, naye akakataa kwa kiburi. Miaka kama 50 baadaye Johnson, mzee mwenye sifa katika nchi nzima, alikwenda Uttoxeter siku ya soko, akasimama mahali palipokuwa meza ya babaye, kichwa wazi, mvua ikimnyeshea, na watu wakimcheka. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akaenda zake. Twalitaja jambo hili ili msomaji ajue alikuwa mtu wa namna gani. Hakusahau makosa yake, na huzuni ikimjia ilimletea makosa hayo yote kwa pamoja, kama mdai aletaye hati za miaka mingi siku moja.

Mwaka 1735 alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyempita umri kwa miaka kama 20, naye alimpenda kweli. Walifungua shule karibu na Lichfield, lakini wanafunzi walikuwa wachache na shule ikafa. Basi mwezi wa Machi 1737 Johnson akaenda London pamoja na mmoja wa wanafunzi wake, David Garrick, aliyekuja kuwa mchezaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza. Wote wawili hawakuwa na fedha ya maana mfukoni.

London ya siku zile ilikuwa imelewa. Pombe kali ya mvuke, jamii moja na gongo, iliuzwa kila mtaa kwa bei ndogo, na maskini walikunywa ili wasahau njaa na baridi. Mambo yaliharibika hata Bunge likatunga sheria mwaka 1736, zisifae kitu, kisha tena mwaka 1751, ndipo ulevi ule ukaanza kupungua. Johnson aliishi katikati ya hayo. Rafiki yake mmoja, mtunga mashairi Richard Savage, alikuwa mtu wa maneno matamu na mkono usioweza kushika fedha. Usiku mwingine wote wawili hawakuwa na nauli ya kitanda, wakatembea barabarani mpaka alfajiri wakizungumza habari za nchi. Savage alikufa kifungoni huko Bristol mwaka 1743, na mwaka uliofuata Johnson akatoa kitabu cha maisha yake, bila kuficha kwamba rafiki yake alijiharibu.

Johnson mwenyewe katika ujana alikunywa sana, na mwili wake mkubwa ulistahimili. Baadaye alisimulia kwamba aliweza kumaliza chupa tatu za mvinyo asionekane amelewa. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, wakidhani kwamba mtu asiyeyumba barabarani hadhuriwi na pombe. Johnson hakuyumba, lakini alijichunguza akatambua mambo mawili. La kwanza, alikunywa hasa alipokuwa peke yake, si kwa furaha, bali apate kuikimbia nafsi yake. La pili, hakuweza kunywa kidogo. Kikombe kimoja kiliita cha pili, na cha pili kiliita chupa. Alisema mara nyingi kwamba kwake yeye kuacha kabisa kulikuwa jambo jepesi, lakini kunywa kwa kiasi kulikuwa jambo gumu lisilowezekana. Kwa hiyo, tangu siku zake za kwanza London, zilikuwapo nyakati ndefu, miaka mingi pengine, asipoonja kileo cho chote.

Yasimuliwa habari moja ya karibu na mwaka 1751. Mwandishi mwanamke, Charlotte Lennox, alikuwa ametoa riwaya yake ya kwanza, na Johnson akataka rafiki wote wamfanyie karamu ya usiku kucha. Waliagiza mkate mkubwa wa matunda, na mama yule akavikwa taji la majani. Walicheka, wakazungumza, wakanywa chai na kahawa. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri wengine walikuwa wamesinzia, lakini uso wa Johnson ulikuwa ukiwaka kwa furaha, naye usiku kucha hakunywa ila maji ya limau. Wale wasemao kwamba pasipo pombe hapana karamu na waikumbuke karamu ile.

Mwaka 1746 aliagana na wauza vitabu wa London atunge kamusi kwa malipo ya paundi 1,575, na katika hizo awalipe wasaidizi wake sita. Alidhani itachukua miaka mitatu; ikachukua karibu miaka tisa. Kazi ilikuwa bado katikati, mwezi wa Machi 1752, alipofiwa na mkewe. Walioijua nyumba ile walisimulia kwamba mama huyo katika miaka yake ya mwisho alikaa sana kitandani, akijituliza kwa kileo na afyuni. Basi Johnson alikuwa ameona kwa macho yake, chumbani mwake mwenyewe, jinsi huzuni na kileo zinavyolishana. Alimlilia mkewe miaka yote iliyosalia, akaiadhimisha siku ya kufa kwake kila mwaka kwa maombi. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, yenye maneno zaidi ya 42,000, naye akapata jina kuu na nyumba tupu.

Siku chache baada ya kifo cha mkewe aliletwa nyumbani mwake kijana mmoja mweusi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani katika kisiwa cha Jamaica. Johnson alichukia utumwa kwa moyo wote. Alimpeleka kijana huyo shuleni kwa gharama yake, akamtunza karibu kama mwana, na alipokufa alimwachia urithi wa paundi 70 kila mwaka, jambo lililowachukiza wengine. Nyumba yake ilijaa watu wasio na kwao. Alikuwamo Anna Williams, mama kipofu. Alikuwamo Robert Levet, aliyewatibu maskini wa vichochoroni. Johnson alicheka kwa upole akisema kwamba Levet hulewa kwa sababu ya uangalifu tu, maana wagonjwa wasio na fedha humlipa kwa kinywaji, naye haoni vema kwenda nyumbani bila ujira. Tena baadaye alikuja kukaa humo binti wa yule Dakta Swynfen aliyeifichua siri yake, naye alikuwa mjane maskini. Johnson alimpokea akampa riziki.

Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu alimpa Johnson paundi 300 kila mwaka. Umaskini ulikwisha. Mtu angedhani kwamba sasa huzuni nayo itakwisha. Haikuwa hivyo. Njaa ilipoondoka, kazi ya kila siku iliyomshurutisha kuamka ikapungua, na nafasi ile ikajazwa na giza. Alilala mpaka mchana, usiku akaogopa kwenda kitandani, akawashikilia rafiki zake wasiondoke. Mwaka 1763 alikutana na kijana wa Uskochi, James Boswell, aliyekuja kuandika kitabu kikuu cha maisha yake. Usiku mmoja mwezi wa Juni waliketi wawili katika nyumba ya mvinyo iitwayo Mitre, wakamaliza chupa mbili, wakaondoka usiku wa manane umepita. Boswell aliona fahari. Lakini Johnson alikuwa akishuka shimoni.

Boswell alisafiri akarudi London mapema mwaka 1766, akakuta jambo jipya. Johnson alikuwa ameugua, na katika ugonjwa ule alikuwa ameacha mvinyo. Sasa alikunywa maji, maji ya limau, na chai vikombe vingi hata watu wakavihesabu kwa mzaha. Hapa hatutaki kumdanganya msomaji. Huzuni haikukimbia siku ile ile. Mwaka uo huo wa 1766 ilimshika vikali kuliko wakati wo wote tangu ujana wake. Rafiki zake Henry Thrale na mkewe Hester walimkuta akiwa amepiga magoti mbele ya kasisi, akimlilia Mungu asimwondolee akili. Hawakumkemea wala hawakumwacha. Walimchukua nyumbani kwao Streatham, nje ya mji, wakamweka zaidi ya miezi mitatu, na mama huyo akamtunza kwa chakula, mazungumzo na subira. Huko alirudi katika hali ya watu polepole, na kwa miaka kama 16 nyumba ile ilikuwa kama kwake.

La ajabu ni kwamba Bwana Thrale alikuwa mwenye kiwanda kikubwa cha pombe. Mtu aliyeacha kileo alipona mezani pa mpika pombe, naye hakunywa! Na Thrale alipokufa mwaka 1781, Johnson alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mali, wakakiuza kiwanda kile kwa paundi 135,000.

Sasa tuangalie matunda ya miaka ile. Mwaka 1773, akiwa karibu na umri wa miaka 64, Johnson alisafiri na Boswell miezi mitatu katika milima na visiwa vya Uskochi, juu ya farasi na ndani ya mashua, katika mvua na upepo. Kisiwani Skye, Boswell alikesha akinywa na wenyeji mpaka karibu alfajiri, akaamka adhuhuri kichwa kikimwuma na moyo ukimsuta. Mzee akaingia chumbani mwake, mzima wa afya, akamtania. Mwaka 1775 alitoa kitabu cha safari ile. Kisha, kati ya mwaka 1779 na 1781, alitoa maisha ya watunga mashairi 52 wa Kiingereza, na wengi wahesabu kazi hiyo kuwa bora kuliko zote alizoandika. Alikuwa mtu wa miaka 70. Mvinyo haukumletea hayo.

Je, alipona huzuni yake? Hakupona kabisa. Katika maandiko ya maombi yake twaona mwaka baada ya mwaka akijilaumu kwamba alichelewa kuamka, kwamba muda umepotea, kwamba nia zake zimevunjika. Usiku uliendelea kuwa adui. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Zamani alikuwa na mizigo miwili, huzuni yenyewe na ile ambayo kileo huileta siku ya pili. Alipotua mmoja, aliweza kuutembeza uliobaki.

Matabibu wa siku hizi wametueleza sababu. Kileo chaanza kwa kulegeza hofu, ndiyo maana mwenye huzuni hukipenda. Lakini saa chache zikipita, kikitoka mwilini, ubongo hurudi kwa kishindo. Usingizi hukatika usiku wa manane, moyo hupiga, hofu huongezeka, na asubuhi huwa nzito kuliko jana. Ndipo mtu hunywa tena aiponye asubuhi ile, asijue kwamba jioni ya jana ndiyo iliyoizaa. Katika uchunguzi mmoja uliotolewa Marekani mwaka 1988, wanaume waliolazwa hospitali kwa ajili ya ulevi walipimwa huzuni. Walipoingia, karibu 42 katika kila 100 walikuwa na huzuni nzito. Baada ya majuma manne bila kileo walibaki 6 tu. Huzuni ya wengi ilikuwa mtoto wa pombe, na mama alipoondoka, mtoto naye akaondoka. Wale wachache waliobaki walikuwa na ugonjwa wa namna ya Johnson, unaohitaji tabibu, dawa pengine, na watu wa kukaa nao. Nao pia hupata nafuu zaidi wasipokunywa.

Kwa hiyo hata mtu asiyeweza kuacha leo hafanyi bure akipunguza. Aliyekunywa kila jioni akinywa siku mbili tu katika juma, usingizi wake huanza kurudi. Lakini huenda akawa kama Johnson, asiyeweza kusimama katikati; basi ajijue, aache kabisa. Tena lipo onyo. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akitetemeka asipopata, asiache ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa na hata kufa. Na aende kwanza hospitali, aachishwe chini ya ulinzi wa matabibu.

Johnson alimshauri Boswell mambo haya, kwa kuwa Boswell naye alikuwa mtu wa huzuni na mtu wa chupa. Kwa shauri lake Boswell alijaribu kunywa maji tu kwa muda, akaona faida yake, akarudi nyuma, akajaribu tena. Aliandika hata makala za magazeti juu ya huzuni na juu ya ulevi, akiujua ugonjwa wake vizuri kuliko matabibu wengi. Mwaka 1789 mkewe alikufa, naye akanywa kupita zamani. Alikimaliza kitabu chake kikuu cha maisha ya Johnson mwaka 1791, akafa mwaka 1795, mwenye miaka 54. Hatumtaji ili tumhukumu. Twamtaja kwa sababu kujua hakutoshi. Johnson alikuwa na nyumba ya Streatham. Boswell, mkewe alipokufa, hakuwa na nyumba kama ile.

Wala Johnson mwenyewe hakusimama siku zote. Mwaka 1781, mwaka wa kufa kwake Thrale, rafiki zake walimwona amerudia mvinyo, akijimiminia kwa wingi na kwa haraka, kama mtu mwenye kiu ya miaka. Aliacha tena. Twaliandika hili kwa makusudi, maana wako wasomaji wetu walioacha wakaanguka, wakafikiri kwamba sasa hapana njia. Njia ipo. Aliyeanguka akainuka hajaanza upya kabisa. Anaijua njia aliyoipita.

Mwezi wa Juni 1783 alipatwa na kiharusi akapoteza sauti kwa muda. Levet alikuwa amekufa, mama kipofu naye akafa mwaka ule. Urafiki wa Bibi Thrale ulikatika alipoolewa tena mwaka 1784. Mwili ulivimba, pumzi ikawa fupi, naye akatumia afyuni apate kupumua. Mwishoni alimwomba tabibu wake amwambie kweli kama atapona. Alipojibiwa kwamba hapana tumaini ila kwa mwujiza, alikataa dawa zote tangu saa ile, hata afyuni iliyomtuliza, kwa sababu alitaka kumrudishia Mungu roho yake ikiwa na akili timamu. Mtu huyu aliogopa mauti kuliko watu wengi, naye maisha yake yote aliogopa kupotewa na akili. Saa ilipofika hakuficha uso wake nyuma ya kitu cho chote. Alikufa jioni ya tarehe 13 Desemba 1784, Francis Barber akiwa nyumbani humo, akazikwa tarehe 20.

Tumeyasimulia haya pia kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Zamani, katika usharika mmoja tuliokabidhiwa, palikuwa na baba aliyefiwa na mkewe, akaanza kunywa. Tulimwonya mara mbili mbele ya wazee, kisha tukamtenga na Meza ya Bwana. Utaratibu tuliufuata sawasawa. Lakini hatukumwuliza hata mara moja kama alikuwa akilala usiku. Baadaye dada yake alitueleza kwamba ndugu yake alikuwa akikaa gizani mpaka majogoo, akikitazama kitanda cha marehemu. Sisi tulikiona kikombe, hatukuuona usiku. Mtu yule alihama, wala hatukupata nafasi ya kuketi naye.

Ndugu msomaji, kama nyumbani mwako au jirani yako yuko mtu wa namna hiyo, usianze kwa kumhesabia vikombe. Mwulize habari za usiku wake. Mshauri apunguze au aache, ukimweleza sababu bila hasira. Mpeleke kwa tabibu. Kisha ufanye walivyofanya wale wa Streatham, umwekee mahali mezani pako. Huenda ikachukua miezi mitatu, huenda miaka 16.